Uzi: Ni nini hasa kilichoifanya Toyota itawale barabara za Lindi na Mtwara?

#1 MwanaMikindani (mleta uzi)

Habari zenu, wanajukwaa. Naomba tujadili jambo hili kwa hoja na si kwa ushabiki.

Ukisimama pale njia panda ya Mnazi Mmoja, zinapogawana barabara za Lindi, Masasi na Mtwara, utaona kwamba magari madogo yanayopita mengi mno ni Toyota: Noah za abiria, Probox zilizosheheni mizigo hadi springi zimelala, IST za watumishi, Hilux za wafanyabiashara wa korosho, na Land Cruiser za hospitali na za miradi. Nissan, Mazda, Mitsubishi, Honda, Suzuki na Subaru nazo ni za Japani, na mitumba yao hushushwa bandari ile ile ya Dar es Salaam. Kwa nini basi mmoja tu ndiye aliyeshika nchi?

Dai langu ni kwamba sababu iko kiwandani, na ni ya zamani kuliko gari lenyewe. Sakichi Toyoda, aliyeianzisha Toyota, alikuwa mbunifu wa mashine za kufuma nguo. Mashine yake ya mwaka 1924 ilikuwa ikisimama yenyewe uzi unapokatika, ili kitambaa chenye kasoro kisiendelee kufumwa. Wazo hilo ndilo lililohamia kwenye magari: mfanyakazi akiona kasoro huvuta kamba, na kasoro isiporekebishwa kwa wakati mstari mzima wa uundaji husimama. Gari lililozaliwa katika nidhamu hiyo haliwezi kulingana na mengine. Mwenye sababu nyingine ailete.

#2 Mwalimu wa Nachingwea

Asante kwa uzi, mkuu, lakini historia iwekwe sawa kabla hatujajenga juu yake. Sakichi Toyoda hakuianzisha kampuni ya magari na wala hakuiona, kwa sababu alifariki mwaka 1930. Aliyeingia kwenye magari ni mwanawe, Kiichiro, ambaye mwaka 1929 alishughulikia uuzaji wa haki za mashine hiyo ya kufuma kwa kampuni ya Platt Brothers ya Oldham, Uingereza. Idara ya magari ilifunguliwa mwaka 1933 ndani ya kiwanda kile kile cha mashine za kufuma. Lori la G1 lilitoka mwaka 1935, gari dogo la AA likafuata mwaka 1936, mwaka ambao jina la magari lilibadilishwa kutoka Toyoda kuwa Toyota, na kampuni yenyewe ikaundwa mwaka 1937.

Utaratibu wa uzalishaji unaousifu ulikomaa baada ya Vita Kuu ya Pili chini ya mhandisi Taiichi Ohno. Wakati huo kampuni ilikuwa taabani kwa madeni. Wafanyakazi waligoma, Kiichiro akajiuzulu mwaka 1950, na kilichoiokoa ni Vita vya Korea vilivyoanza mwezi Juni mwaka huo huo, maana jeshi la Marekani liliagiza malori kutoka viwanda vya Japani. Anayeisimulia Toyota bila kuitaja bahati anasimulia nusu ya habari.

#3 Kirikuu ya Newala

Naungana na Mwalimu, na naongeza jambo ambalo mleta uzi atapata tabu kulijibu. Kama siri ni mashine za kufuma, basi Suzuki nao wanayo siri hiyo hiyo, kwa sababu Michio Suzuki alianza na kiwanda cha mashine za kufuma huko Hamamatsu mwaka 1909, na kampuni yake haikuingia kwenye magari hadi mwaka 1955 ilipotoa Suzulight. Kwa hiyo wafumaji walikuwa wawili. Mbona dai lako linamtaja mmoja?

Nasema haya nikiwa na Suzuki Carry, tunayoiita kirikuu, inayonilisha. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 660, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa Japani kwa magari madogo ya kundi hilo, lakini inapandisha madumu ya maji kwenye uwanda wa Makonde, inabeba korosho hadi ghalani, na ikinasa kwenye mchanga vijana wanne wanaiinua. Ukija Newala na Tandahimba uhesabu pia kirikuu, usihesabu Noah peke yake.

#4 Mtani wa Masasi

Watani zangu wa Newala mmezoea kuinua magari kwa mikono kwa sababu maji mmeyafuata bondeni tangu utotoni, ndiyo maana misuli mnayo. Sisi wa Masasi tunataka gari linalojitoa lenyewe.

#5 Fundi wa Chikongola

Ninyi mnazungumza na vitabu, nami naomba nizungumze na spana. Toyota imetawala huku kwa sababu injini moja imewekwa kwenye magari mengi. Chukueni 1NZ-FE ya lita 1.5: utaikuta kwenye IST, Probox, Raum, Spacio, Vitz, Allion na Fielder. Mteja akinijia na Probox iliyoua pampu ya maji, situmi mtu Dar es Salaam, kwa sababu duka lolote la spea pale mjini linayo pampu hiyo, na kama haipo dukani, ipo kwenye IST iliyogongwa ambayo imelala uani kwa jirani. Kijana akijifunza kuifungua injini hiyo kwangu kwa miezi michache, anaweza kufungua gereji yake Mangaka au Liwale na akapata riziki.

Gari la kampuni nyingine ya Kijapani linaweza kuwa zuri kuliko hilo, na mengine ni mazuri kweli, lakini kikiharibika kifaa kimoja cha umeme gari linasimama wiki nzima likisubiri basi kutoka Kariakoo. Gari linalosubiri haliingizi hela. Ndiyo maana mwenye mtaji mdogo hathubutu kujaribu. Kwa maoni yangu mambo yalikwenda hivi: magari yalikuja mengi, mafundi wakayafahamu, maduka yakajaza spea zake, na wanunuzi wapya wakafuata palipo na spea. Ubora wa kiwanda ulianzisha mwendo huo, lakini sasa hivi unajiendesha wenyewe.

#6 Mzee wa Nangurukuru

Wanangu, mmesema mengi mazuri, ila mmeanzia katikati. Nilikuwa dereva wa idara moja ya serikali wakati ambao ukisema gari la porini ulikuwa unasema Land Rover. Lilikuwa gari la maana, na mwenye kulifahamu alilitengeneza kwa nyundo na bisibisi. Kilichoniuma miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ni kwamba nchi haikuwa na fedha za kigeni baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, na spea hazikuingia. Magari yalisimama juu ya magogo kwenye yadi za serikali, likafunguliwa hili kulisha lile, mpaka likabaki moja linalotembea.

Masharti ya kuingiza bidhaa yalipolegezwa kuanzia mwaka 1984, waliokuwa na fedha zao nje waliruhusiwa kuleta mali, zikiwamo pikapu. Wakati huo Waingereza walikuwa na matatizo yao, maana British Leyland ilikwisha kuchukuliwa na serikali yao tangu mwaka 1975, ilhali Mjapani alikuwa tayari na Hilux na Land Cruiser zinazoweza kununuliwa kesho yake. Toyota haikumshinda Land Rover mbio. Ilikuta kiti kiko wazi. Vijana wanaodhani kwamba mambo yalikuwa hivi siku zote hawakuvuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafara mzima ukisubiri zamu kando ya mto na matope yakifika kwenye bampa.

#7 Mwalimu wa Nachingwea

Shikamoo, mzee. Bandiko lako limenigusa kwa sababu Land Cruiser yenyewe ilianza kwa kumfuata mtu. Mwaka 1951 Toyota ilitengeneza gari lililoitwa Toyota Jeep BJ, kwa mfano wa magari ya jeshi la Marekani, na katika majaribio likapanda Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Jina la Jeep lilikuwa na mwenyewe, hivyo mwaka 1954 likaitwa Land Cruiser. Ile ya namba 40 ilitoka mwaka 1960, na ile ya namba 70, ambayo ndiyo mama wa zile Land Cruiser za hospitali na polisi tunazoziita mkonga, ilianza mwaka 1984 na bado inaundwa. Tuseme kwamba kiti kilikuwa wazi, lakini aliyekikalia alikuwa amejiandaa kwa zaidi ya miaka 30.

#8 Mzee wa Nangurukuru

Marahaba, Mwalimu. Hapo tunakubaliana nusu, na nusu nyingine naibakiza.

#9 Dalali wa Ng'apa

Naomba niwatoe porini niwarudishe sokoni, kwa sababu biashara yangu ni kuwaagizia watu magari. Sababu kubwa ni sheria ya Japani. Kule gari likishatimiza miaka fulani haliruhusiwi tena kutembea barabarani, kwa hiyo Mjapani hulazimika kulitupa likiwa bado zima, na sisi tunalipata kwa bei ya chini. Kwa kuwa wao huendesha kushoto kama sisi, usukani haubadilishwi. Na kwa kuwa Toyota ndiyo inayouza magari mengi zaidi ndani ya Japani, basi ndiyo inayotupwa kwa wingi zaidi. Hakuna muujiza hapo.

#10 Bahari ya Kilwa

Dalali, hitimisho lako ni zuri lakini msingi wake unahitaji kusahihishwa. Japani haina sheria inayolikataza gari kutembea kwa sababu ya umri. Kilichopo ni ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken: gari dogo jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, na baada ya hapo kila miaka 2. Ada za ukaguzi, kodi ya uzito, bima ya lazima na matengenezo huja kwa pamoja, na kadiri gari linavyozeeka mwenyewe huona afadhali anunue jingine. Ni gharama inayomsukuma, hajakatazwa na mtu. Tofauti hiyo ina maana kwetu, kwa sababu gari lililoachwa kwa kukwepa gharama linaweza kuwa zima kabisa, na linaweza pia kuwa lile ambalo mwenyewe alijua kuwa ukaguzi ujao utamfilisi. Mnunuzi wa Lindi asidhani kwamba kila kinachoshuka melini kiliachwa kikiwa kizima.

Kuhusu kuendesha kushoto umesema kweli, na ungeweza kuongeza kwamba Msumbiji nao huendesha kushoto. Tangu Daraja la Umoja lifunguliwe pale Mtambaswala mwaka 2010, gari la aina moja huweza kuhudumiwa pande zote mbili za Ruvuma.

#11 Fundi wa Chikongola

Namuunga mkono Bahari ya Kilwa, na kwa ndugu zangu wa pwani nina angalizo. Sehemu za kaskazini mwa Japani, kama Hokkaido, humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hurukia chini ya gari. Picha za mnada zitakuonyesha rangi inayong'aa na viti visafi. Ukiliinua gari hilo utakuta chesesi na mabomba ya breki yamekwisha kuliwa, kisha unalileta Mikindani, ambako upepo wa bahari unamalizia kazi. Kabla ya kulipa ombeni picha za chini ya gari, na kama muuzaji anasitasita, tafuteni jingine. Hapa nembo haisaidii kitu, kutu haisomi jina lililoandikwa mbele.

Jambo la pili ni mafuta. Vijijini petroli huuzwa kwenye madumu, na mara nyingine huwa na maji au takataka. Noah za zamani zenye injini ya 3S-FE huvumilia kiasi. Zile zilizofuata zenye D4, yaani zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa, hazina uvumilivu huo. Zote ni Toyota, na zote zinaitwa Noah. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama Toyota ni ngumu, namuuliza kwanza ni injini gani.

#12 Binti wa Ndanda

Nawasalimu wote. Mimi ni muuguzi, na ningependa mazungumzo haya yasiishie kwenye bei. Masika moja tulitumwa kumfuata mama mwenye uchungu uliokuwa umekwama, kijijini ambako barabara ilikuwa imegeuka mfereji. Land Cruiser ya wagonjwa iliingia kwenye maji yaliyofika juu ya magurudumu, dereva akabadilisha gia taratibu bila kuzungumza, tukafika, na tukarudi na mama na mtoto wote wazima. Ninapoisikia ile injini ya dizeli ikinguruma nje ya wodi usiku, najua kwamba kuna mtu amefikiwa. Watu wanaolipenda gari hili wana sababu ambazo hazimo kwenye duka la spea.

#13 Mwalimu wa Nachingwea

Dada yangu, hongera kwa kazi hiyo. Nadhani injini unayoisikia ni 1HZ, ya lita 4.2 na silinda 6, isiyo na tabo, iliyotoka mwaka 1990. Haina mambo mengi ya kielektroniki, pampu yake ya dizeli huendeshwa kimakanika, na ndiyo maana imedumu mahali ambapo hakuna kompyuta ya kuisoma.

Hata hivyo, bandiko lako linaleta maelezo mengine ambayo hayajatajwa. Land Cruiser nyingi za hospitali na za miradi hazikuchaguliwa na mnunuzi wa Masasi. Zimenunuliwa na wafadhili na mashirika ya kimataifa, na ipo kampuni huko Gibraltar ambayo kazi yake ni kuyaandaa magari ya Toyota kwa ajili ya mashirika kama hayo. Mwananchi akaona kwamba daktari, mkuu wa wilaya na mzungu wa mradi wote wanapanda Toyota, naye alipopata fedha akanunua Toyota iliyolingana na mfuko wake. Heshima ilishuka kutoka juu.

#14 Fundi wa Chikongola

Mwalimu, heshima haifungi klachi. Aliyenunua Probox ya kubebea samaki hakuwa anamwiga mkuu wa wilaya.

#15 Mkulima wa Tandahimba

Mimi nitasema habari ya korosho, maana ndiyo inayonunua magari huku. Msimu ukiwa mzuri, fedha za mnada zikiingia, utaona namba mpya mitaani kuanzia mwezi Novemba. Msimu wa 2018 serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likatumwa kuzisomba, na wengi wetu tulisubiri malipo kwa muda mrefu huku ada za shule na madeni ya pembejeo vikitukabili. Nilikuwa na Carina, na jirani yangu alikuwa na gari la kampuni nyingine ya Kijapani, zuri na jipya kuliko langu. Carina iliondoka kwa siku chache kwa bei ambayo haikunidhalilisha. Lake lilikaa na kibao cha kuuzwa mpaka jua likaifuta rangi.

Kwa mkulima gari ni akiba yenye magurudumu, kama ng'ombe kwa mfugaji. Swali analouliza si kama litadumu miaka 20. Anauliza litageuka fedha kwa haraka kiasi gani siku mtoto akilazwa Ligula. Hilo ndilo lililonirudisha Toyota nilipopata tena.

#16 Kirikuu ya Newala

Mkulima umesema vizuri, nami nathibitisha kwamba kirikuu nayo huuzika haraka hapa Newala. Kwa hiyo hoja yako ni ya kuuzika, na Toyota si peke yake inayouzika.

#17 MwanaMikindani

Nimewasoma wote. Lakini Fundi na Mkulima wanaeleza kwa nini Toyota inaendelea kupendwa, hawajaeleza kwa nini ilipendwa mwanzoni. Maduka ya spea hayakujaa yenyewe. Lazima kulikuwa na wakati ambapo mtu alilinganisha magari mawili, moja likafia njiani Liwale na jingine likafika, na habari ikaenea. Na kuhusu Suzuki, ndugu wa Newala, ubora wa Carry unaisaidia hoja yangu: wafumaji wote wawili wametoa magari yasiyochoka.

#18 Bahari ya Kilwa

Mkuu, hoja yako ya kiwanda inahitaji kukabiliana na mambo mawili. La kwanza, mwaka 2009 na 2010 Toyota iliyaita mamilioni ya magari kwa marekebisho kwa sababu ya mazulia na pedali za mafuta zilizoweza kukwama, na rais wake, Akio Toyoda, akahojiwa mbele ya Bunge la Marekani Februari 2010. La pili, Desemba 2023 Daihatsu, ambayo ni mali ya Toyota, ilisimamisha usafirishaji wa magari yake baada ya kubainika kwamba majaribio ya usalama yalikuwa yamechakachuliwa, na miongoni mwa magari yaliyohusika yalikuwamo yenye nembo ya Toyota. Sisemi kwamba magari haya ni mabaya, nami naendesha mojawapo. Nasema kwamba kamba ya kusimamisha mstari haikuvutwa mapema.

#19 MwanaMikindani

Kuyaita magari hadharani na rais kusimama kuhojiwa ni kuvuta kamba, ingawa ni kwa kuchelewa. La Daihatsu sina la kulitetea.

#20 Mtani wa Masasi

Mimi nina swali kwa wote. Lami inajengwa kutoka Mnivata kupita Tandahimba na Newala hadi huku Masasi. Ikikamilika, mchanga hautakuwepo, basi litafika kwa wakati, na spea za kampuni yoyote zitafika siku hiyo hiyo. Je, Toyota itabaki na nini?

#21 Fundi wa Chikongola

Itabaki na mafundi, na mafundi hawajengwi kwa lami.

#22 Mzee wa Nangurukuru

Kijana wa Masasi, lami ya kwenda Dar es Salaam tunayo. Mwezi Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara maeneo ya Somanga, mabasi na malori yalipanga foleni kwa siku kadhaa na lami yao, na sukari, mafuta na spea zikawa upande wa pili wa maji. Usihesabu kwamba mchanga na matope vimekwisha. Ukitaka kununua gari mwaka huu, nunua la kwenda Liwale wakati wa masika. La lami utalipata siku yoyote.

#23 Kirikuu ya Newala

Mzee, kwa heshima zote, Liwale wakati wa masika kirikuu inafika. Naomba tuweke picha hapa msimu ujao, yangu na ya mwenye Noah, tuone nani alisukumwa mara nyingi.